Kichwa cha Bibi Harusi Kilifuka Moshi Saluni Kwangu

Msinicheke. Kichwa cha bibi harusi kilifuka moshi mikononi mwangu, na ndoa ilikuwa kesho yake.

Mimi ni Scola, nina saluni hapa Bariadi. Ijumaa asubuhi wakatua bibi harusi Klementina na shangazi yake, Minza, kutoka Shishiyu.

"Mwangaluka, dada Scola! Nataka nywele za dhahabu. Masalu anizimikie upya!"

Nikakoroga unga wa bilichi na peroksaidi, nikapaka. Umbea ukanoga.

Dakika tano hazijaisha, Klementina akaruka.

"Dada, naungua!"

Nikagusa. Moto! Na moshi juu! Nikamkimbiza bombani. Ngozi ilisalimika, lakini nywele zote zikaondoka na maji.

"Umemwekea dawa gani?" Shangazi akafoka.

"Dawa ya kawaida tu, shangazi."

Ulimi wangu huu! Huku kwetu kuna dawa ya hospitali, dawa ya nywele, na ile nyingine. Yeye akasikia ile nyingine.

"Yaya! Mmesikia? Amekiri! Kamroga ng'wanone, mwanangu!"

Watu wakajaa mlangoni. Nikajua saluni yangu imekufa.

Klementina akampigia Masalu, mchumba wake, mwalimu wa kemia. Akaja mbio, vidole vimejaa chaki. Akauliza swali moja.

"Ulikuwa unaoshea nini nyumbani?"

Shangazi akatazama dari.

"Maji ya misumari," Klementina akasema. "Shangazi analoweka misumari ya kutu kwenye ndoo. Mwezi mzima sasa. Eti nywele ziwe imara."

Masalu akacheka hadi akakaa chini.

"Basi nywele zilishanywa chuma! Chuma kikikutana na peroksaidi, kinaivunja vipande vikorofi, vinaitwa radikali huru. Kila kimoja kinampora jirani elektroni, jirani naye anageuka mkorofi. Vurugu hiyo ndiyo imetoa joto na moshi, ikakata nywele."

"Kumbe mwenye dawa ni shangazi!" mtu akapayuka. Mlango mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Shangazi hakucheka. Akavua kitambaa taratibu. Kichwa kizima vipara na visiki.

"Yalinikuta Malampaka miezi miwili iliyopita, nami naoshea maji hayohayo," akanong'ona. "Nikamwita mchawi msusi wa huko. Akafunga saluni, akahama."

Kicheko kikakatika.

Masalu akaniambia, "Washa mashine ya kunyolea. Anza na mimi."

Jumamosi walifunga ndoa, vichwa vitatu, cha shangazi kikiwemo, viking'aa kanisani. Jumatatu shangazi alipanda gari kumtafuta yule msusi.

Siku hizi mteja akikaa tu, namuuliza alichopaka nyumbani. Na wewe, kabla hujamwita mtu mchawi, chungulia kwanza ndoo yako.