Pombe ya Mahari ya Wifi

Mume wangu alipookoka aliapa kanisani kwamba pombe haitagusa ulimi wake tena. Mwaka uliofuata wifi yangu akaposwa. Kule nyumbani Burundi, marehemu baba yao alikuwa akipika pombe ya mtama kwa mikono yake kila binti wa ukoo alipotolewa mahari, na sasa mume wangu, kifungua mimba, ndiye aliyekalia kiti chake. Kununua bia dukani alikataa katakata. Kiapo, alisema, kilikuwa cha kunywa, hakikusema lolote kuhusu kupika. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Basi flati yetu ya mtaa wa Umbilo, huku ugenini, ikanuka mtama uliochachuka. Kwa kuwa hakuweza kuonja, alinunua kipimo cha kioo, kijiti chenye namba ambacho unakiacha kielee ndani ya pombe. Sukari ikiwa nyingi kinasimama juu. Sukari ikigeuka kileo kinazama. Kikiacha kuzama, namba ikawa ileile leo na kesho, pombe imeiva. Ili kuisoma sawasawa ilibidi jicho liwe usawa wa pombe, kwa hiyo kila asubuhi mlokole wangu alipiga magoti jikoni mbele ya kopo la pombe. Nilimwambia, "Mchungaji akiingia sasa hivi atajua unaabudu nini."

Shida, kijiti kiligoma.

"Eish, mama, namba haishuki! Iko palepale tu," mume wangu alinilalamikia.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Pombe isiyoiva ni uji mtamu, na kuwanywesha wakwe uji kungemwaibisha baba yake hata kaburini. Akaacha kula. Nilimhurumia sana, maana mtu huyu hata dada yake akipiga chafya yeye ndiye anayeugua.

Nikapiga magoti pembeni yake. Kijiti kilikuwa kimejaa mapovu na pumba kutoka juu hadi chini.

"Papa, hizi takataka ndizo zinakibeba. Utapimaje hivyo?"

Nikachuja pombe kidogo kwa kitambaa safi, nikaimimina huku na huku kati ya vikombe viwili mpaka povu likafa. Yeye akakifuta kijiti, akakizungusha kwa vidole. Kikazama vizuri. Kesho yake palepale, keshokutwa palepale. Alinikumbatia kwa mikono yake iliyojaa mtama.

Jumamosi wakwe wakaja kutoka mtaa wa Overport, wakajaa sebuleni. Kwetu pombe haipokelewi kabla mwenyeji hajaionja, na tulikuwa tumepanga nionje mimi. Msemaji wao, mzee mwenye utani mwingi, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe ulikuja kwa ndoa. Sisi tunataka damu ya nyumba hii."

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na nilijua anachagua kati ya Mungu wake na dada yake, mbele ya macho ya watu. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bibi harusi hatakiwi kuonekana kabla hajaitwa, lakini wifi yangu alitoka, kitenge kimefungwa nusu, akachukua kikombe mkononi mwa kaka yake, akanywa chote.

"Kaka," alisema, akifuta mdomo, "iko kama ya baba."

Mume wangu akajifunika uso akalia, na wakwe wakamngoja amalize.