Soksi Iliyotoboka Jumbani kwa Mabwanyenye

Nacheka sasa, lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikiikumbuka siku ile niko peke yangu garini, najikuta nimefunika uso kwa mkono hadi wa nyuma wananipigia honi. Aibu nimezipata nyingi, jamani, ila ile ya kulala fofofo ndani ya jumba la mabwanyenye huku wakwe wakinitazama, hiyo ndiyo mama yao.

Wakwe walitoka Buffalo kuja kwetu Louisville, huku huku Marekani, tufahamiane kabla ya siku ya posa. Aline ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu tukiwa kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo baba ni mimi na msemaji wa familia ni mimi, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayesema mtoto wa kaka katoka kwa watu ovyo. Sasa Mama Bahati, mama wa kijana (Wakongomani hawa, watu wa Bukavu, Kiswahili chao kimechanganyika na Kifaransa, wachangamfu kupita kiasi), alitusimulia maporomoko ya maji ya huko kwao Buffalo wiki nzima kwenye simu, utadhani aliyachimba yeye. Nikaona hapana, hata sisi tuna chetu. Nikaahidi kuwapeleka kwenye jumba la matajiri wa zamani, ambalo wajukuu zao bado wanaishi humo humo na watu wanatembezwa.

Tatizo, siku yenyewe ilinikuta natoka zamu ya usiku ghalani. "Lala kwanza, Baba Kevin," mke wangu akaniambia, "na hizo soksi zitupe." Sikulala, sikutupa.

Mnajua ukitoka zamu ya usiku dunia inavyokuwa, kila kitu kiko mbali kidogo, sauti zinakufikia zimechelewa? Ndivyo nilivyoliona jumba lile, nguzo nyeupe, miti mikubwa kimya, na mimi naelea tu. Mlangoni nikaona buti zimewekwa pembeni (za bustani, za mwenye nyumba, nilikuja kujua baadaye), nikajisemea, ahaa, humu wanaishi watu, viatu vinavuliwa. Nikavua. Mjomba Safari, msemaji wa upande wao, akaniona naye akavua, Mama Bahati akavua, na Wazungu tuliokuwa nao wakatazamana, nao wakavua. Dada aliyekuwa akituongoza akalizunguka rundo la viatu, akaendelea na maelezo yake.

Hapo ndipo nilipotazama chini nikakuta kidole gumba cha mguu wa kulia kinanichungulia.

Ikabidi nijifiche nyuma ya watu wote. Wao wanapanda ngazi kuangalia picha za mababu, mimi nabaki, na pale chini palikuwa na chumba kisicho na kamba ya kuzuia watu, jua linaingia kwenye vioo vya zamani likitetemeka ukutani, harufu ya kahawa, jimbwa zee limelala kwenye zulia, na kochi. Nitakaa kidogo tu, nikasema.

Nikamwona kaka yangu. Amekaa kiti cha mbele yangu, viatu vyake vinang'aa, wala sikushangaa kwamba yu hai. Akaniuliza polepole, "Aline unampeleka kwa watu gani?" Kabla sijamjibu, mguu wangu ukawa na joto na majimaji.

Nikafumbua macho. Jimbwa lilikuwa linanilamba kidole. Juu yangu kuna blanketi, pembeni bibi mzee wa Kizungu, mwenye nyumba, kashika kikombe na anawaambia watu wasinipigie kelele, na mlangoni msafara mzima umejaa, wote pekupeku, wanatazama kidole changu kama vile ndicho walicholipia.

"Bon, Baba Aline," Mama Bahati akasema, "kumbe uko na famille huku?"

Posa yenyewe ilifanyika Columbus, kwenye ukumbi wa kanisa kule Gahanna, maana ni kama nusu njia kwa wote. Mjomba Safari akasimama na suti yake. "Donc, tunakuya kuomba mutoto. Mali iko." (Mali kwao ndiyo mahari.) "Lakini mbele ya mali, tulileta kintu ya Baba Aline." Akatoa soksi mpya, nyeusi. Ukumbi ukalipuka. Na posa mnaijua, msemaji akinyamaza kashindwa, na fedheha inamwangukia binti. Nikamwona Aline kainamisha kichwa. Basi nikajibu haraka, "Zawadi ya mkwe haiwekwi mfukoni, inavaliwa!" nikavua kiatu cha kulia palepale mbele ya watu.

Jamani, soksi zilikuwa zile zile.

Mama Bahati akamwangukia jirani yake kwa kicheko. "Safari, wacha maneno mingi," akasema akijifuta macho, "hawa ni watu kama siye, utoe mali." Aline alikuwa anacheka kichwa nyuma, kama baba yake, machozi yanamtoka, na moyoni nikamjibu kaka yangu swali lake: ni watu wazuri, wamenicheka mpaka basi, halafu wakanivalisha.

Siku hizi soksi zangu zinakaguliwa na mke wangu kila asubuhi. Na kwenye nyumba ya mtu, hata ingekuwa na nguzo mia, siingii tena kabla sijalala kwangu.