Ng'ombe Wangu wa Somo la Kilimo

Kwenye semina ya walimu pale Korogwe tuliambiwa kwamba picha za mtandaoni zina wenyewe. Uombe ruhusa, la sivyo uchore yako. Nikachora ng'ombe wa somo la kilimo, nikaandika jina langu chini kwa herufi kubwa, nikamtuma kwenye grupu la walimu: mtumieni bure, ila jina lisiondolewe.

Baada ya wiki mbili nikafika shule moja ya Handeni. Ng'ombe wangu yuko kwenye ukuta wa darasa moja, jina halipo. Nikamfuata mwalimu wa darasa lile, hakimiliki iko mdomoni tayari.

"Shikamoo, mwalimu," akasema kwa upole. "Jina nililifuta mimi. Hawa ni watoto wa wafugaji, ng'ombe wanawajua; walikuwa wanakucheka."