Jezi Mbili za Gikomba

Jumamosi nilikuwa soko la Gikomba nikitafuta koti, nikawakuta vijana wawili wa bodaboda wakibishana mbele ya mama wa mitumba. Kila mmoja ameshika jezi ya motokrosi, zile mbio za pikipiki za kuruka vilima vya udongo. Moja ya bingwa wa siku nyingi, imepauka na kulika viwiko. Nyingine ya chipukizi, bado inang'aa.

"Buda, huyo mzee wako siku hizi anashika breki kabla ya kuruka," alisema mwenye ya chipukizi. "Huyu wangu anaruka kama hana mama."

Akaigeuza. Mshono ulionyooka ulishuka kutoka shingoni hadi chini.

"Mathe, mbona imeshonwa hapa mbele?"

"Ilitoka kwa belo la nguo ikiwa imekatwa na makasi. Fundi ameirudisha vizuri, na nimeifua."

Mwenzake aliufuata ule mshono kwa kidole, kutoka shingoni hadi chini. Aliyewahi kumpeleka mtu wa ajali hospitali anajua nguo hukatwa hivyo lini.

"Hata haionekani," kijana akasema, akaivaa hapo hapo. Ilimkaa utadhani alipimwa.

Kati ya chipukizi na bingwa nani mkali, sijui. Ninachojua ni kwamba ile jezi iliyolika viwiko, aliyeivaa aliivua mwenyewe.