Mnada Ulipofungwa kwa Kipindupindu

Kipindupindu kilipoingia kwetu, miaka ya sabini ikielekea kwisha, mimi nilikuwa nimeolewa Karatu, kwa wakulima wa Kiiraqw. Onyo lilinifikia mpaka nikalichoka: kanisani, shuleni kwa watoto, na kwa balozi wetu wa nyumba kumi, aliyepita mlango kwa mlango. Chemsheni maji. Mtu akiharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari, mengi, kisha mkimbizeni zahanati.

Ili watu wasikusanyike, mnada nao ukafungwa. Mama yangu alikuwa Olbalbal, kwenye boma letu la Kimasai, na huko hapakuwa na kanisa wala balozi. Habari zote aliziokota mnadani, alikokuja kuuza mbuzi na kununua unga. Sasa angezipata wapi?

Majirani nao wakaanza: Wamasai wanakufa kwa uchafu wao. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Uchafu gani, jamani? Mtu anaswaga punda kutwa nzima kutafuta madebe mawili ya maji, halafu unamwambia achemshe, kwa kuni zipi? Mume wangu akanikataza kwenda, eti nitauleta ugonjwa nyumbani. Nikaenda. Lori la mbao lilinifikisha juu, karibu na kreta, lile bonde la volkano, nikateremka kwa miguu upande wa pili mpaka bomani.

Mama nilimkuta mzima, anakandika ukuta wa nyumba kwa mavi ya ng'ombe. Nililia kwa furaha, yeye akawa ndiye wa kunibembeleza. Kisha akaniambia kwamba mke mdogo wa baba, yule aliyenifundisha kukamua, amefariki. Aliharisha mchana na usiku. Mama ndiye aliyemuuguza, kwa mikono yake, vilevile alivyouguzwa yeye utotoni: tumbo likiharisha, mgonjwa hapewi maji, ili lipumzike.

Akauliza huko Karatu tumeambiwa nini. Nilitamani kumdanganya, lakini bado kulikuwa na watoto bomani. Nikamwambia kwa Kimasai, polepole, kwamba mgonjwa anyweshwe maji mengi, ndiyo yanayomwokoa.

Mama akaugeukia ukuta, mikono imejaa mavi ya ng'ombe.

"Aliniomba maji," akasema. "Aliomba mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia, vumilia mwenzangu, ninakuponya."