Pembe Nne za Shuka

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, na mvuke ulitoka mlangoni tangu asubuhi. Humo alifanya kazi kwa miaka kumi na tisa mwanamke mfupi, mnene, ambaye hata wanawe walimwita Mama Pasi.

Mwenzake alikuwa mrefu, wakamwita Twiga. Shuka la hospitali ni pana, mtu mmoja halimudu. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanalivuta, kisha wanaendeana mpaka pembe zikutane. Kwa kimo chao hao wawili, shuka lilikaa kama mteremko.

"Inua mikono, mwenzangu, au nikuombee stuli?" Twiga alizoea kusema.

"Inama wewe! Huko juu umezoea kula majani."

Walisomesha watoto, wakazika wazazi na mume mmoja, na utani ule haukukatika. Haukukatika mpaka wiki tatu zilizopita, Twiga alipoingia ofisini kwa msimamizi akasema macho ya Mama Pasi yamechoka, asikaribie tena mashine ya pasi. Siku hiyohiyo Mama Pasi akaondolewa kwenye mashine, akapewa barua ya kwenda kupimwa macho.

"Umenichongea," alimwambia Twiga mbele ya watu. "Miaka yote hii, leo unanichongea!"

"Ilibaki kidogo vidole vyako vinaswe. Ninyamaze?"

"Ungeniambia mimi."

"Nimekuambia mara ngapi? Kila siku unasema taa ndiyo mbovu."

Tangu hapo walikunja kimya. Kazi ni kazi; pembe zilikutana, vidole vikagusana, macho yakatazama ukutani. Na Ijumaa ilikuwa inakuja. Twiga alikuwa anastaafu, anahamia kwa binti yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Pasi alijua kwamba akimwacha aondoke hivi, ndiyo basi tena. Alijua vizuri, na bado ulimi ulimwia mzito.

Alhamisi miwani ikawa tayari. Akaivaa, akaingia stoo kuchambua mashuka yaliyochakaa. Kwanza alishangaa jinsi stoo ilivyo chafu. Kisha akakunjua shuka alilolitia kiraka mwenyewe mwaka uliopita. Viraka vyake alikuwa akijivunia sana, na sasa akauona mshono wake ukiyumba kama mlevi, mahali pengine umekikosa kiraka kabisa. Lakini kiraka hakikubanduka. Pembeni ulipita mshono mwingine, mdogo, ulionyooka.

Akakunjua la pili. La tatu. La kumi.

Mshono ule aliujua. Sketi zake zote alizopunguziwa na Twiga zilikuwa nao. Akakaa juu ya rundo la mashuka, akavua miwani, akaifuta, ingawa si miwani iliyolowa.

Ijumaa walishika shuka la kwanza kama kawaida.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu viraka?" Mama Pasi aliuliza.

Twiga alizivuta pembe zake. "Kiraka kibaya hakimkati mtu vidole."

Mama Pasi akamsogelea na pembe zake.

"Nimekukosea, dada. Niwie radhi."

"Na mimi ningekuambia kwanza kwamba naenda ofisini. Niliogopa mdomo wako." Twiga akamtazama. "Hiyo miwani, unaniona sasa?"

"Nakuona. Kumbe umezeeka hivyo!"

Twiga alicheka mpaka pembe zikamponyoka, shuka likaanguka sakafuni, ikabidi lirudi kufuliwa. Msimamizi alichungulia dirishani, akaona ni heri apite zake.

"Kwa binti yako kuna mashuka?" Mama Pasi aliuliza, akiokota jingine.

"Yapo. Tena mapana."

"Nani atakukunjia?"

"Nitayarundika mpaka uje."

"Basi mwezi ujao. Nitandikie kitanda."

"Haya, inua mikono, mwenzangu."

Mama Pasi akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Na Twiga, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, akainama.