Kaburi la Tunda la Yago

Saa tatu asubuhi, Muhuru Bay, mwaka 1996. Omena, dagaa wa ziwani, zimeshaanikwa ufuoni, na Sista Marcella Nyamusi amesimama pembeni ya kaburi lililo wazi, mkoba wa dawa begani. Hakuna anayemwita asogee. Ni mgeni, Mkisii, tena muuguzi wa wagonjwa wa akili, ndiyo maana huitwa Sista. Watu humsalimia kwa mbali.

Ndani ya sanda hamna maiti. Mna tunda refu la mti wa yago, ambalo Waluo huzika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana.

Mtu huyo ni mume wa Filister, mgonjwa wa Marcella. Mwaka juzi majambazi walivamia mashua yao ziwani, wakamtupa majini mkewe akiona. Tangu hapo Filister hapati usingizi, na akisikia injini ya boti hujificha chini ya kitanda.

Marcella alimpa vidonge. Kisha, kama alivyofundishwa chuoni, akamtaka aseme kwa kinywa chake kwamba mumewe amekufa. Filister aliinuka akaenda zake, na masika yote hakuonekana kliniki.

"Nilidhani anakataa ukweli," asema Marcella. "Kumbe nilikuwa namuua mume wake mara ya pili."

Alifunga safari kwenda kumwomba radhi. Jared, shemeji ya Filister, hakumung'unya maneno: "Sista, wewe unataka huyu mama alie, na sisi hatujazika. Atalilia wapi?"

Marcella akauliza wanataka kufanya nini, nao wakamwambia.

Sasa tunda linashushwa. Jared analiita kwa jina la nduguye, na Filister anapiga yowe, kilio chake cha kwanza. Wanawake wanamshika. Marcella anabaki pale pale, anajifuta macho kwa kitambaa.

Baadaye Filister anamletea sahani ya kuon, ugali wa Kiluo, na samaki. Sauti imemkauka.

"Sista, kula. Nimeona ukilia. Kwani kwenu nani alipotea?"

Ni kakake, Angwenyi. Aliondoka nyumbani Nyamira wakati wa ghasia za mwaka 1992, asirudi. Mama yao bado humwekea chakula.

"Nilimwambia mama akubali amekufa," asema Marcella. "Tangu siku hiyo haongei na mimi. Na sisi Wasabato hatuna tunda la kuzika."

Desemba ataomba likizo aende Nyamira. Dawa hatabeba, wala mawaidha.

"Nitakaa jikoni na yeye. Akipakua chakula cha Angwenyi, nitamuuliza anataka tumfanyie nini."